Kabla hujalipia RAV4 au Vanguard iliyotumika: jinsi ya kutafuta mwito wa usalama na kusoma malalamiko ya wenye magari

Kampuni ya magari inapogundua kasoro inayohatarisha maisha, humwandikia kila mwenye gari husika: lete gari, tutalirekebisha bure. Huo ndio mwito wa usalama, kwa Kiingereza recall. Japani barua hiyo hutumwa kwenye anwani iliyo katika usajili wa gari. Siku gari linapofutwa kwenye usajili ili lisafirishwe, anwani inafutika nalo. Linapakiwa melini, linashushwa Mombasa au Dar es Salaam, linapata namba mpya na mwenyewe mpya, na kasoro imo ndani vilevile. Barua hailifuati. Anayenunua ndiye anayepaswa kwenda kuitafuta, na wakati wa kuitafuta ni kabla hajatoa pesa.

Mfano nitakaoutumia ni Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu pamoja na ndugu yake Vanguard. Ni magari yaliyojaa barabarani kwetu, na historia yao ya miito iko wazi. Japani RAV4 hiyo ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2005 ikaendelea hadi 2016. Vanguard iliuzwa kuanzia 2007 hadi 2013. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Vanguard za Nairobi na Mombasa sasa zinauzwa mkono kwa mkono, na nyingi zimeshapita kwa wenyewe kadhaa. Tanzania bado zinaingia, zikilipiwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Hatua zenyewe zinafaa kwa gari lolote la aina hii: X-Trail, Forester, CR-V, Harrier.

Hatua ya 1: Pata namba ya chasisi, yote

Namba ya usajili ya hapa nyumbani haitakusaidia kutafuta chochote nje. Omba namba ya chasisi ikiwa kamili, pamoja na picha ya mahali ilipogongwa kwenye bodi. Kwenye matangazo wauzaji wengi hufunika tarakimu za mwisho, na hilo si kosa. Lakini umeshafika yadi, umeshaliona gari, na bado mtu anakataa kukuonyesha namba? Ondoka.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Lina msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Vanguard ya lita 2.4 huanza na ACA33 au ACA38, ya lita 3.5 huanza na GSA33, na RAV4 huanza na ACA31 au ACA36. Msimbo huo peke yake unakulinda: ukiambiwa gari ni V6, yaani la silinda sita, na namba inaanza na ACA, mbele yako pana injini ya silinda nne, 2AZ-FE.

Linganisha namba sehemu tatu: kwenye kibati cha mtengenezaji, iliyogongwa kwenye chuma cha bodi, na kwenye karatasi, yaani kadi ya gari na cheti cha kufutiwa usajili Japani kama muuzaji bado anacho. Chuma kikiwa kimekwaruzwa au kimepakwa rangi mpya hapo tu, usiendelee na hatua ya pili.

Ukikuta herufi na tarakimu 17, gari lilitengenezwa kwa soko jingine. Namba za aina hiyo hazitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa hiyo unachodhani ni O ni sifuri. RAV4 yenye namba inayoanza na 2T3 ilitoka kiwanda cha Kanada. JTM ni iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya nchi za nje. Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaonunua gari lenye usukani wa kushoto watakutana na namba hizi mara nyingi, hasa kwa magari yaliyopitia Dubai au Sharjah.

Hatua ya 2: Tafuta kwenye tovuti ya nchi ambako gari lilitoka

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Wanachukua namba ya Vanguard, wanaiingiza kwenye tovuti ya Marekani, inakataa, wanahitimisha kwamba gari ni safi. Tovuti ya Marekani haiwezi kulijua gari la Japani.

Gari la soko la Japani: nenda kwenye ukurasa wa miito wa Toyota Japani, toyota.jp/recall. Umeandikwa Kijapani, lakini kivinjari cha simu kitautafsiri vya kutosha. Unachotafuta ni sehemu ya kuingiza namba ya chasisi, iliyoandikwa 車台番号. Kama kuna visanduku viwili, cha kwanza ni cha msimbo ulio kabla ya kistari na cha pili ni cha tarakimu zinazofuata. Nissan, Honda, Subaru na Mazda nao wana kurasa za namna hiyo. Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani ina tovuti yake yenye miito yote iliyosajiliwa, na pia taarifa za kasoro zilizoletwa na wenye magari wenyewe.

Utaona kwamba Wajapani wana ngazi tatu. Ya juu ni mwito kamili, pale gari linapokiuka au linapoelekea kukiuka viwango vya usalama. Ya kati inahusu kasoro ya usalama isiyoguswa moja kwa moja na viwango hivyo. Ya chini ni marekebisho ya ubora tu. Mbili za kwanza zichukulie kwa uzito uleule.

Gari la Marekani: nhtsa.gov/recalls, tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA. Ingiza namba ya tarakimu 17. Inaonyesha miito ambayo haijafanyiwa kazi tu, na haihakikishi ile iliyozidi miaka 15. Matokeo yakiwa matupu maana yake ni "hakuna unaosubiri", siyo "haijawahi kuwapo".

Gari la Uingereza: kwenye gov.uk kuna historia ya ukaguzi wa kila mwaka, MOT. Inaonyesha maili za kila mwaka, gari lilifeli kwa sababu gani, na kama kuna mwito unaosubiri. Utahitaji namba ya usajili ya Uingereza, kwa hiyo muulize muuzaji nakala ya kadi yake ya kule. Ni hazina kubwa na ni bure.

Gari la Ghuba: Saudi Arabia ina recalls.sa, unaweza kutafuta kwa namba ya chasisi.

Piga picha ya matokeo, tarehe ikionekana. Utaihitaji gereji, utaihitaji kwenye bei, na siku ukiuza gari utamwonyesha mnunuzi.

Neno kuhusu ukaguzi unaofanyika kabla ya gari kupakiwa melini. Wauzaji huonyesha cheti hicho kama jibu la kila swali. Wakaguzi wanaangalia breki, taa, magurudumu, moshi, kutu, mionzi. Usikichukulie kuwa ushahidi kwamba mwito umefanyiwa kazi. Hilo litafute mwenyewe.

Hatua ya 3: Angalia kwa macho yale yaliyotangazwa

Karatasi ikishasema kuna mwito, au hata ikiwa tovuti haikukupa jibu, inama uangalie. Kwa RAV4 na Vanguard kuna mambo ambayo mtu yeyote mwenye tochi anaweza kuyathibitisha.

Mkanda wa siti ya nyuma. Februari 2016 Toyota iliita magari takribani milioni 2.87 duniani kote, RAV4 na Vanguard, na 177,000 kati yake yalikuwa Japani. Katika ajali kali ya uso kwa uso, mkanda wa abiria wa nyuma unaweza kugusa fremu ya chuma iliyo chini ya mto wa siti, ukakatika. Fikiria maana yake: mtoto amefungwa mkanda vizuri, mzazi ametimiza wajibu wake, na mkanda wenyewe unakatwa na kiti alichokalia. Dawa yake ni ndogo mno ukilinganisha na hatari: kifuniko cha plastiki ngumu kinachovishwa kwenye ile fremu ya chuma. Nenda siti ya nyuma, pembeni zote mbili, sukuma mto, ingiza vidole na tochi pale mkanda unapopita kuelekea kwenye kifungo. Ukigusa ukingo mtupu wa chuma, kazi haijafanyika. Ukikuta kifuniko cha plastiki kimekaa imara, piga picha. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hili ndilo ningelianza nalo, kwa sababu siti ya nyuma ndiko wanakokaa watoto na wazee wetu, na kwa sababu magari haya husifiwa kuwa "ya familia".

Mikono ya saspensheni ya nyuma. Mwaka 2012 Toyota iliita Marekani RAV4 takribani 760,000 za modeli za 2006 hadi 2011. Mikono ya chini ya nyuma ina nati za kufunga zinazolegezwa kila gari linapofanyiwa alaimenti. Zisipokazwa sawasawa, nyuzi za mkono huachia nafasi, kutu inaingia, mkono unalika, na mwisho unaweza kuachana kabisa gari likiwa mwendoni. Mwaka uliofuata Toyota ililazimika kuyaita magari yaleyale tena, kwa sababu baadhi hayakuwa yamerekebishwa ipasavyo mara ya kwanza. Kwa hiyo hata gari lenye rekodi ya kurekebishwa linastahili kuangaliwa.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kuliko kule. Kwa barabara zetu, gari linafanyiwa alaimenti mara nyingi, na kila mara nati zilezile zinalegezwa na kukazwa, saa nyingine na kijana anayewahi foleni. Gari lipandishwe kwenye lifti au juu ya shimo la gereji, siyo jeki peke yake. Mwambie fundi ashike mkono wa chini wa nyuma autikise. Angalia nati: ina kutu inayochuruzika kama unga mwekundu? Inazunguka kwa mkono? Ukisikia kishindo cha chuma nyuma unapovuka tuta, usiridhike na jibu la "ni bushi tu" mpaka mikono hiyo ionekane. Na baada ya alaimenti yoyote utakayofanya wewe, simama pale mpaka uone spana ikikaza nati zote mbili, kushoto na kulia.

Swichi ya madirisha ya upande wa dereva. Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani, na Oktoba 2015 mengine milioni 6.5, kwa sababu ya swichi kuu ya madirisha. RAV4 zilikuwamo kwenye orodha zote mbili. Grisi ya ndani haikuenezwa vizuri, swichi inakwaruza, inapata joto, inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Bonyeza kila kitufe. Kikiwa kinasita au kinaganda, kiache hivyohivyo. Usimruhusu mtu apulize dawa ya kulainishia ya dukani. Mwaka 2012 Toyota yenyewe ilionya kwamba vilainishi vya kawaida vikiingia kwenye swichi hiyo ndipo inapoweza kuyeyuka na kutoa moshi. Nimeona ikifanywa yadi, kwa nia njema kabisa, ili dirisha lishuke laini mbele ya mteja. Swichi inafunguliwa, inapakwa grisi maalumu inayohimili joto, au inabadilishwa.

Betri, kwa wenye RAV4 ya kizazi kilichofuata, modeli za 2013 hadi 2018. Novemba 2023 Toyota iliita Marekani takribani magari milioni 1.85 ya modeli hizo. Baadhi ya betri za kubadilishia zina kichwa kidogo kuliko ile ya asili. Kishikizo kisipokazwa vizuri, betri inahama gari linapokata kona kwa nguvu, teminali chanya inagusa kishikizo, shoti inatokea, moto unawaka. Kwetu betri hununuliwa kwa kuangalia bei kwanza na ukubwa baadaye, halafu inatiwa kipande cha mbao au mpira ili isicheze. Fungua boneti, ishike betri kwa mikono miwili, itikise. Ikisogea hata kidogo, au teminali chanya haina kifuniko, irekebishwe siku hiyohiyo. Haigharimu kitu cha maana.

Hatua ya 4: Eabegi, na hapa usifanye haraka

Mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni wa eabegi, yaani mifuko ya hewa inayofunguka wakati wa ajali, za kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017. Marekani peke yake vijazio, yaani vile vyuma vinavyoujaza mfuko hewa, takribani milioni 67 viliitwa. Vilitumia kemikali ya amonia naitreti bila kikaushio. Joto na unyevu wa miaka mingi huidhoofisha kemikali hiyo, hata siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, chuma cha kijazio kinapasuka, na vipande vinamrukia dereva au abiria usoni na shingoni. Watu wamekufa katika ajali ndogo ambazo wangeshuka na kwenda zao.

Joto na unyevu wa miaka mingi: hiyo ndiyo hali ya hewa ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Marekani ilitoa kipaumbele kwa Florida, Hawaii na majimbo mengine ya joto la unyevunyevu kwa sababu hiyohiyo.

Kati ya magari ya aina hii yaliyomo katika miito ya Takata kuna Honda CR-V za kuanzia 2002, Subaru Forester za 2009 hadi 2013, Nissan X-Trail ya T30, yaani ya kizazi cha kwanza, na RAV4 za 2004 na 2005, yaani za kizazi kilichotangulia hii tunayoizungumzia. Kuanzia Mei 2018 Japani ilikataza magari yenye eabegi hatari za Takata zisizobadilishwa kupita ukaguzi wake wa lazima. Ukilitafakari hilo utaona kundi la kuogopa zaidi ni lipi: magari yaliyokwisha kuja kwetu kabla ya hapo. Kama una Forester au CR-V iliyoingia nchini mwaka 2015, umri wake si kinga. Ndio kwanza kemikali imezidi kuzeeka.

Jaribio la taa ni la kila gari. Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa ya eabegi lazima iwake, ikae sekunde chache, izime yenyewe. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na huenda eabegi isifunguke. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi: mtu ameichomoa, ameiziba, au ameiunganisha na taa nyingine ili usijue. Gari la namna hiyo huenda lilishapata ajali na eabegi hazikurudishwa.

Usinunue eabegi ya mtumba kwa hali yoyote. Huijui umri wake wala ilikotoka, na inaweza kuwa ni ileile iliyotolewa kwenye gari lililoitwa. Wala fundi wa mtaani asiifungue. Ni kilipuzi.

Hatua ya 5: Soma malalamiko

Mwito ni kasoro ambayo kampuni imekubali. Malalamiko ni yale ambayo wenye magari wanayaona kabla kampuni haijakubali, au ambayo haitayakubali kamwe kwa kuwa si ya usalama. Yote mawili yanakuhusu, kwa sababu la kwanza linagusa maisha yako na la pili linagusa mfuko wako.

NHTSA huweka hadharani malalamiko kwa modeli na mwaka. Wizara ya Japani nayo ina orodha yake. Yasome kwa utaratibu. Lalamiko moja si ushahidi, kwani hakuna aliyekwenda kulithibitisha. Gari lililouzwa kwa wingi litakuwa na malalamiko mengi hata kama ni imara. Tafuta kinachojirudia: sehemu ileile, dalili ileile, kilomita zinazokaribiana, kutoka kwa watu wasiojuana. Moto wa betri niliousimulia juu ulianza hivyo. Wenye RAV4 waliripoti moto kwenye chumba cha injini, upande wa kushoto, bila ajali yoyote. NHTSA ikafungua uchunguzi Februari 2021. Mwito ukatoka Novemba 2023. Aliyekuwa akisoma malalamiko alijua zaidi ya miaka miwili mapema kwamba anapaswa kuangalia betri yake.

Kwa injini ya 2AZ-FE, lalamiko linalojirudia ni kula oili. Marekani Toyota ilirefusha dhamana kwa magari kadhaa yenye injini hiyo, zikiwamo RAV4 za 2006 hadi 2008, ikabadilisha pistoni na ringi. Kipimo chake kilikuwa hiki: injini ikipoteza kwoti moja, yaani takribani lita 0.95, ndani ya maili 1,200, sawa na kilomita 1,930, imefeli. Pigia hesabu kwa desturi yetu ya kumwaga oili kila kilomita 5,000. Kwa kasi hiyo utapoteza karibu lita mbili na nusu kati ya sevisi na sevisi, kwenye injini inayobeba lita nne na kidogo. Dereva asiyechungulia kijiti cha oili anaua injini bila kusikia chochote, na taa ya oili ikiwaka huwa amechelewa.

Kabla ya kununua huwezi kuendesha kilomita 1,930, lakini unaweza kufanya haya. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari, kisha fika asubuhi na uweke kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha. Mtu mmoja awashe, mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu wakati wa kuwaka ni oili. Moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika chache, hasa asubuhi ya Arusha au Nairobi, ni maji tu. Chomoa kijiti: oili mpya kabisa, nzito, iliyotiwa jana, ni swali la kumuuliza muuzaji, kwa sababu oili nzito huficha moshi kwa muda. Kisha lipia fundi wako atoe plagi zote nne azipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Plagi kavu ya rangi ya kahawia ni nzuri. Plagi moja nyeusi yenye majimaji ya oili inakuonyesha silinda yenyewe, na wakati huo kipimo cha kompresheni si gharama ya kukwepa.

Ukishanunua, jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita, na upime kila ukijaza mafuta, gari likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa.

Mengine kwa ufupi. Usukani wa RAV4 hizi hutoa mlio wa "tak" ukikata gari likiwa taratibu. Mara nyingi ni shafti ya kati ya usukani. V6 ya 2GR-FE ya miaka ya mwanzo ilikuwa na paipu ya mpira ya oili inayoweza kupasuka. Uliza kama imewekwa ya chuma. Vanguard ya lita 2.4 ina gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, na ukikuta mtu aliijaza mafuta ya gia otomatiki ya kawaida, punguza bei sana au acha.

Hatua ya 6: Mwito ufanyiwe kazi na nani?

Gari likiwa bado Japani, hapo una nguvu zote. Kabla hujamalizia malipo, mwandikie msafirishaji kwa barua pepe: namba hii ya chasisi ina mwito huu ambao haujafanyiwa kazi, lipelekeni kwa wakala wa Toyota, mnitumie karatasi ya kazi, ndipo nitakapomalizia. Kule ni bure. Huenda gari likachelewa kwa meli moja. Kubali ucheleweshwe.

Gari likiwa limeshafika, peleka matokeo ya utafutaji kwa wakala rasmi wa chapa hiyo nchini. Yeye siye aliyekuuzia, kwa hiyo uliza kwa maandishi kabla ya kwenda: mwito namba fulani, chasisi namba fulani, mtaufanyia kazi, na kwa gharama gani? Jibu la maandishi lina thamani hata likiwa la kukataa, maana unaweza kulipeleka kwa makao ya kampuni. Gharama ikikuangukia wewe, ipange hivi: eabegi kwanza, mkanda wa nyuma, mikono ya saspensheni, betri, kisha swichi. Wakati unasubiri eabegi ya upande wa abiria, siti hiyo ibaki wazi. Wakati unasubiri mkanda, pakia watu wachache.

Mlioko Marekani, kazi ni bure mradi gari halijazidi miaka 15 tangu liuzwe kwa mara ya kwanza, hata kama wewe ni mwenyewe wa nne. Lakini sheria ya shirikisho haimzuii muuza magari yaliyotumika kukuuzia gari lenye mwito unaosubiri. Asipokuambia, hajavunja sheria hiyo. Tafuta namba mwenyewe, hapohapo kwenye yadi, kwa simu.

Hatua ya 7: Toa lalamiko lako

Ukikuta kasoro ya usalama, iandike. Marekani, NHTSA inapokea kwa tovuti au kwa simu 888-327-4236. Tanzania, Tume ya Ushindani, FCC, inashughulikia ulinzi wa mlaji. Kenya ni Mamlaka ya Ushindani. Nakala mpe wakala rasmi wa chapa hiyo.

Andika namba ya chasisi, mwaka wa modeli, kilomita, tarehe, mwendo uliokuwa nao, nini kilitokea kwa mfuatano, na nini kilibadilishwa. Acha hasira nje ya karatasi. Anayesoma anatafuta sehemu gani ya gari ilifeli na katika hali gani. Ambatanisha picha. Na kipuri kilichovunjika, usimwachie fundi akitupe kwenye pipa la vyuma chakavu. Kifunge kwenye mfuko, uandike tarehe na kilomita juu yake, ukiweke. Uchunguzi ukifunguliwa, hicho ndicho watakachokuomba.